Dini na Dola Kongo (sehemu ya tano): Mfungwa wa Elisabethville

Nilikuwa nimekusudia leo kueleza Kongamano Kuu la Taifa na kazi ya Askofu Monsengwo aliyeliongoza. Itabidi lisubiri. Tangu Rais Tshisekedi na Rais Kagame wa Rwanda watie saini mapatano ya amani ya Washington tarehe 4 Desemba 2025, hapa Naviundu, Lubumbashi, watu wanabishana kila wanapotoka ibadani. Amani yetu inajadiliwa Washington na Doha, madini yetu yakiwa ndani ya mazungumzo. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC walitangulia, Januari 2025, na Mkataba wao wa Kijamii wa Amani, lakini wanaambiwa warudi altareni, kwamba siasa si yao.

Anayesema hivyo hajui historia ya mji anaoishi.

Wasomaji wanakumbuka mapatano ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na Vatikani ya tarehe 26 Mei 1906: serikali itoe ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila misheni, na misheni ijenge shule zitakazokaguliwa na serikali. Sikutaja wakati ule kwamba mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ndipo kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanzishwa. Serikali, kanisa na kampuni vikala sahani moja kwa nusu karne. Na shaba waliyoifuata ilikuwa ikiyeyushwa hapa hapa Naviundu tangu karne ya 4, kama wachimbuzi wa mambo ya kale walivyothibitisha, bila mfalme wa Bulaya wala padri.

Sasa tazama walivyomtendea mtu wa dini ambaye hakualikwa kwenye sahani hiyo. Simon Kimbangu, Mbatisti wa Nkamba, katika Kongo ya Chini, alianza kuhubiri na kuponya tarehe 6 Aprili 1921. Hakushika silaha. Aliwaambia watu waache sanamu za uchawi na ndoa za wake wengi, mambo ambayo wamisionari wenyewe walikuwa wakiyahubiri. Lakini watu waliacha mashamba na kazi za Wazungu wakamiminika Nkamba, na hilo ndilo lililoitisha serikali. Alitoroka mara ya kwanza walipokuja kumkamata. Septemba akajitoa mwenyewe. Mahakama ya kijeshi ya Thysville, bila wakili wa kumtetea, ikamhukumu tarehe 3 Oktoba viboko 120 na kifo. Wamisionari Wabatisti, wageni kutoka Uingereza, wakamwombea huruma. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akapelekwa pembe nyingine ya nchi, mbali na kila aliyejua lugha yake: Elisabethville, Lubumbashi yetu.

Alikaa gerezani humu miaka 30. Desemba 1941, askari walipowapiga risasi wagomaji wa Union Minière kwenye uwanja wa mpira, alikuwa humu. Askofu de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga tangu 1910 na kuwa na sauti katika kila jambo la serikali, aliishi mji mmoja na mfungwa huyo miaka yote hiyo. Hakuna aliyemwambia askofu kwamba siasa si yake! Kimbangu alifia humu tarehe 12 Oktoba 1951. Nchi ilimrudishia heshima polepole: kanisa lake likatambuliwa Desemba 1959, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa. Siku hiyo shule zetu zinafungwa, watoto wanalala nyumbani, na wengi hawajui kwamba mtu huyo aliteseka katika mji wao. Nimeliandika jambo hili mara nyingi na nitaliandika tena: walimu wa Lubumbashi wafundishe habari za Kimbangu juma zima kabla ya sikukuu, na mji uweke jiwe la kumbukumbu.

Wala sisemi kwamba kila mgeni ni adui. William Sheppard, mchungaji mweusi kutoka Marekani, alishtakiwa Léopoldville mwaka 1909 kwa kuandika jinsi kampuni ya mpira ilivyowatesa Wakuba wa Kasai. Akaachiliwa. Yule alikuja kusema ukweli na hakuomba mgodi. Kipimo changu ni hicho, kwa mgeni na kwa mtumishi wa Mungu pia: amesimama upande wa nani, na anaondoka na nini mkononi?

Katiba yetu ya 2006, ibara ya kwanza, inasema dola haina dini. Ni sawa kabisa, askofu asitawale. Lakini ibara hiyo haikumfunga mdomo. Februari 2025 viongozi wa CENCO na ECC walionana na Rais Tshisekedi, wakaenda Goma kuonana na Corneille Nangaa, kiongozi wa waasi wa AFC/M23, kisha Kigali kwa Rais Kagame. Walilaumiwa vikali, hata Askofu Mkuu wetu Fulgence Muteba, anayeongoza CENCO. Hawakurudi na mkataba wa madini. Waliotia saini Washington nao wapimwe hivyo hivyo, kifungu kwa kifungu, na Bunge letu lifanye kazi hiyo mbele ya wananchi.

Sehemu ijayo: Monsengwo, na maandamano ya Wakristo ya 16 Februari 1992.