Vijineno Vinavyobeba Kiingereza

Mwaka 1930 msomi wa Cambridge aitwaye C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850, akidai kwamba mgeni akiyashika hayo tu ataweza kusema karibu kila jambo la kawaida kwa Kiingereza. Orodha nzima ilienea katika ukurasa mmoja. La ajabu zaidi ni vitenzi vyake. Vilikuwa 18 tu, vikiwemo "come", "get", "give", "go", "put" na "take". Hamkuwa na kitenzi cha kuahirisha, cha kuzima moto, cha kuvumilia wala cha kukata tamaa.

Kwani Waingereza hawaahirishi mambo? Wanaahirisha, ila kwa "put off". Moto wanauzima kwa "put out", kero za jirani wanazivumilia kwa "put up with", na kukata tamaa kwao ni "give up". Ogden alichukua vitenzi vichache vya kila siku, kisha akaviachia vijineno kama "up", "off", "out" na "in" kazi yote iliyobaki. Katika hesabu yake "put off" halikuwa neno jipya, maana "put" limo na "off" limo. Ujanja uko hapo, na mwanafunzi naye hukwama hapohapo: kujua "put", "up" na "with", kila moja peke yake, hakumsaidii hata kidogo kukisia kwamba yakikaa pamoja yanazaa uvumilivu. Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, aliupigia debe mpango huo wa Ogden mwaka 1943, lakini haukushika.

Walimu wa Kiingereza huviita vitenzi vya namna hii "phrasal verbs". Mswahili naye hubadili maana ya kitenzi kwa kukiongezea kitu, ila anakiongezea ndani ya neno lenyewe: funga, fungua, fungia, fungisha. Akishajua kwamba kunja huzaa kunjua na ziba huzaa zibua, hashangai akikutana na chomeka na chomoa. Kiingereza huacha mkia wake nje, na mkia wenyewe ni mkaidi. Kengele ya saa "goes off", maana yake imeanza kulia. Taa "go off", maana yake zimezimika. Fomu ileile Mwingereza "fills in" na Mmarekani "fills out", na wote wawili wameijaza.

Kinachoongoza kwa vituko ni "up". Mtu aliye-"run up a hill" amepanda kilima mbio. Aliye-"run up a bill" amelimbikiza deni, pengine akiwa amekaa kitini muda wote. Kisha kuna "eat up", "drink up", "use up" na "tear up". Hapo hakuna kinachokwenda juu. "Up" inatangaza kwamba kazi imefika mwisho: chakula kimeliwa kikaisha, karatasi imechanwa vipande vipande. Mama wa Kiingereza anapomwambia mtoto "eat up", hamwambii ale tu, anataka kuona sahani tupu.

Mpangilio nao una masharti yake. Mtu anaweza kusema "take off your hat" au "take your hat off", yote sawa. Lakini kofia ikishageuzwa kuwa "it", nafasi inabaki moja: "take it off". Anayesema "take off it" hujulikana mara moja kuwa mgeni, hata kama matamshi yake hayana doa. Kwa "look after", yaani kutunza, mambo yanageuka: ni "look after it", na katikati hapaingii kitu. Mwingereza wa kawaida hajawahi kufundishwa kanuni hiyo wala hawezi kuieleza. Anaisikia tu.

Mtindo huu una umri mkubwa. Kiingereza cha kale kilipenda kubandika viambishi mbele ya kitenzi, kama Wajerumani wanavyofanya mpaka leo. Baadaye vijineno vikahamia nyuma, na wataalamu kadhaa wanaona humo mkono wa walowezi kutoka Skandinavia, ambao lugha yao ilikuwa na mtindo kama huo. Katika kumbukumbu za watawa wa Peterborough, zilizoandikwa katikati ya karne ya 12, Mfalme Stephen wa Uingereza anawatia maaskofu gerezani mpaka wasalimishe ngome zao, na kitenzi alichokitumia mwandishi ni "give up" katika tahajia ya zama hizo. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu mwaka 1755, aliandika katika utangulizi kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa zaidi.

Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yalizidi kumiminika. Ndiyo sababu Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo mengi: "put off" la jikoni na "postpone" la barua ya ofisini, "put out" la nyumbani na "extinguish" lililoandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto.

Afrika Mashariki ilikipokea Kiingereza kupitia shule na ofisi, na dalili zake zinasikika. London, neno "alight" huishi zaidi kwenye matangazo ya treni. Abiria wenyewe husema "get off". Katika Kiingereza cha Nairobi, "alight" ni neno la kawaida kabisa la abiria wa matatu. Vijineno navyo huponyoka au hujipachika: "I will pick you at five" bila "up", na "cope up" pale Mwingereza anaposema "cope" tu. Lawama hazistahili hapa. Anayejifunza lugha kwa kusoma huyapata haraka maneno marefu yanayobeba maana yao yote yenyewe, na hayo mafupi yanayoonekana mepesi ndiyo yanayomtega.

Katika usafiri wa anga, mtego huo uliwahi kuchangia maafa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, rubani msaidizi wa ndege ya KLM alisema redioni kwa Kiingereza kwamba sasa wako "at takeoff". Mwongoza ndege alielewa kwamba ndege imesimama tayari, inangoja ruhusa. Kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia kwenye ukungu, na mbele yake, kwenye njia ileile, ilikuwapo ndege ya Pan Am. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwemo mawimbi ya redio kugongana na rubani mkuu wa KLM kuondoka bila ruhusa, lakini lugha nayo ilirekebishwa. Siku hizi "takeoff" hutamkwa redioni pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwa mazungumzo mengine yote, marubani na waongoza ndege wameelekezwa kutumia "departure", neno lililoingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa.