Protini ya binadamu, lakini haikutoshwa ku mutu

Bandugu, mwanafunzi mmoja wa hapa Kaniama aliniuliza juu ya vile vichupa vya labo vyenye kuandikwa «protini rekombinanti ya binadamu»: «Waliitosha ku mwili wa nani?» Swali la haki kabisa, juu hapa kwetu habari za damu na nyama ya watu zinatembea haraka.

Hawakuitosha ku mutu. Jeni ni maandishi yenye kuonyesha seli namna ya kutengeneza protini. Wanayaingiza ndani ya seli ingine (bakteria, hamira, ao seli ya mnyama), nayo inatengeneza kama ni kazi yake. Kisha wanasafisha. Cha «binadamu» ni maandishi.

Mfano mzuri ni wa kwetu. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, na mgonjwa mmoja akapona. Miaka 11 nyuma alitoa damu, na mule mulikuwa bado seli zenye kukumbuka virusi. Profesa Muyembe wa INRB Kinshasa, pamoja na watafiti wa Marekani na Uswisi, walipata mule kingamwili moja, mAb114. Kingamwili nayo ni protini. Walisoma jeni yake, na leo inatengenezwa na seli za hamster. Tangu 2018 Kivu ya Kaskazini na Ituri zilikuwa na mlipuko, na dawa ine zilijaribiwa kule ku wagonjwa 681. Wenye kupewa mAb114 walikufa 35 hivi ku 100. Wenye kupewa ZMapp, karibu 50. Desemba 2020 Marekani ikaikubali kwa jina la Ebanga.

Sasa, mutu asikudanganye: kichupa cha utafiti si dawa. Mule muko mikrogramu tu, za kupima vitu mu labo. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji gramu 3 za mAb114, safi kabisa, zenye kupitishwa mu mshipa.

Kinachonichoma ni hiki: seli zilitoka Kikwit, majaribio yalifanyika Beni na Butembo, lakini leseni iko na kampuni ya Florida, Ridgeback, tangu 2018. Wenye kusomea farmasia na biolojia, kazi yenye kukosekana kwetu ni ile ya katikati: kukomalisha seli na kusafisha protini kwa wingi.

Tena mAb114 ilikubaliwa kwa Ebola ya aina ya Zaire tu. Ile ya Isiro, 2012, ilikuwa Bundibugyo.