KIPINI: KIJIJI KINACHOGOMBEWA NA MTO NA BAHARI

"Kipini? Cha kisu ama cha puani?" Hivyo ndivyo mwenzangu alivyoniuliza nilipomwambia nataka kuandika juu ya Kipini. Tulicheka sana, lakini nikaona kwamba wengi wetu twaijua Lamu na twaijua Malindi, ila kijiji kilicho katikati hatukijui. Basi ndugu msomaji, twende pamoja.

Kipini ni kijiji kidogo katika Kaunti ya Tana River, mahali Mto Tana unapoingia Ghuba ya Ungwana. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, yapata kilomita 1,000, nao huanzia Nyandarua na Mlima Kenya. Kwa hivyo mvua inayonyesha Nyeri na Murang'a, safari yake huishia Kipini.

Zamani hapa palikuwa mahali pa mabaharia. Karibu na kijiji kuna magofu ya mji wa Ungwana, ambayo James Kirkman aliyachimbua miaka ya 1950. Kuna msikiti mkubwa wa Ijumaa, na vigae vya vyombo vya Uchina vilipatikana humo. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Mdomoni mwa mto kuna fungu la mchanga, hivyo nahodha alingoja maji yajae ndipo avuke. Kutoka bara, mitumbwi iliteremsha mchele na pembe za ndovu.

Sasa sikia ajabu. Mdomo ule haukuwa wa Tana! Ulikuwa wa mto mwingine mdogo, Ozi. Tana wenyewe ulimwagika kusini zaidi. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji uitwao Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ipitishe mizigo bila kutoka baharini. Mafuriko yakaupanua mfereji, Tana nao ukahamia huko. Njia ya mitumbwi ikawa mto mkuu.

Lakini mto na bahari husukumana kila siku. Mto ukijaa, bahari hurudi nyuma. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda mtoni, hasa wakati wa bamvua. Tangu mabwawa ya stima yalipoanza kujengwa huko juu, Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981, mafuriko yaliyokuwa yakisukuma bahari na kuleta udongo wenye rutuba yamepungua. Ukame nao umezidisha mambo. Ndiyo sababu huko Ozi mashamba ya mpunga yameharibika, na miembe na minazi imekauka.

Sisi wanachama twakijua kisa cha Fumo Liyongo, na masimulizi yasema kaburi lake liko Kipini. Alipochomwa sindano ya shaba kitovuni, alikwenda akapiga goti kisimani, upinde mkononi. Watu wakaogopa kuteka maji siku nyingi, kumbe amekwisha kufa. Leo hakuna shujaa anayewazuia watu wa Kipini wasiteke. Maji yapo tele, ila ni ya chumvi.

Haya basi, jioni ukiwasha taa kwenye prepu, kumbuka maji yaliyozungusha mitambo ile yana wenyewe kule chini, nao wangali wakiyangoja.