Bata wa siku 35

Mayai ya kutotolesha yanayotoka soko la Ariwara, ng'ambo ya Congo, hufika Mvara yakiwa yametikiswa na bodaboda. Yasiingizwe mashineni siku hiyohiyo. Yalale usiku mzima, upande butu juu. Tena yawe ya banda lenye jogoo na yasizidi wiki moja tangu kutagwa. Mengine ni ya kukaanga tu.

Hasara kubwa huletwa na hesabu ya siku. Mayai ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya bata wa kawaida siku ya 28. Lakini ya yule bata mwenye uso mwekundu wa vinundu hufika siku 35. Mtu huona wiki ya nne imepita kimya, akatupa vifaranga hai! Angemulika kwa tochi angeona weusi umejaa yai, isipokuwa sehemu ya hewa.

Kifaranga aliyeanguliwa huishi siku mbili hivi kwa kiini alichobaki nacho tumboni, ndiyo maana husafirishwa bila chakula. Anayepeleka Sudan Kusini kupitia Koboko na Oraba atafute kibali cha daktari wa mifugo mapema, mayai yakiwa bado mashineni.