Biashara ya Ramadhani Huamuliwa na Mwezi

Ukipita Mji wa Kale, Mombasa, jioni ya Ramadhani, utaona meza zimepangwa barazani na makarai yako motoni. Sambusa, kaimati, viazi vya karai na mahamri huuzwa baina ya Alasiri na Magharibi. Adhana ikisikika, wanunuzi wamekwisha tawanyika. Kilichosalia mezani ni hasara, kwani kaimati ya leo haina mnunuzi kesho.

Wengi wa wauzaji ni akina mama, na baadhi yao huuza mwezi huu tu. Faida yao ndiyo nguo za Idi za watoto.

Lakini mtihani mkubwa uko mwishoni. Ramadhani huwa ya siku 29 au 30, wala hakuna ajuaye mpaka jua la chungu cha 29 litue. Mwezi ukiandama, watu huwaza pilau, si futari. Aliyejaza unga na nyama ya kesho huumia. Mwenye busara hupunguza ununuzi mapema.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Ramadhani lina kurasa 29. Wa 30 ni majaaliwa.