Je, Wajua? Salaita na Uraibu wa Kuigiza Vita

Karibu kila Oktoba, jirani na Hastings, Uingereza, watu wazima huvaa deraya na kuigiza vita vya 1066. Wakazi wa Bomeni, Taveta, nao wana uwanja wa kufaa: kilima cha Salaita, ambako Wajerumani na askari wao Waafrika waliwarudisha nyuma wanajeshi wa Afrika Kusini tarehe 12 Februari 1916. Wapo watakaosema kuigiza mauaji ni kuwakejeli marehemu. Ni kweli, ikiwa onyesho ni la bunduki tu (na bunduki ndizo huvutia watazamaji). Lakini vita hivyo vilitegemea reli iliyojengwa kutoka Voi, na migongo ya wapagazi. Hao ndio wa kuigizwa kwanza, maana wengi walizikwa bila jiwe lenye jina.