Mjerumani alivyotoka, Mwingereza akashukia Mikese

Wadau, kuna watu wanadhani Mjerumani alimkabidhi Mwingereza nchi hii kwa kusaini karatasi tu. Thubutu! Huku kwetu ilikuwa shughuli ya miguu na vichwa vya watu.

Reli ya Mjerumani toka Dar ilifika Morogoro mwaka 1907. Vita ilipokuja, jeshi la Jenerali Smuts liliingia Moro mjini tarehe 26 Agosti 1916, likakuta von Lettow-Vorbeck keshapitia Uluguru na askari wake kwenda kusini, madaraja ya reli kayalipua. Sasa kumfuata mpaka Rufiji chakula na risasi vipite wapi? Ndo Mikese yetu hii ikawa kituo cha kushushia mizigo, halafu barabara mpaka Duthumi. Mvua ikanyesha, magari yakazama kwenye tope, farasi na ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Mzigo ukaishia kichwani kwa Mwafrika. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na malaria, sio risasi. Kariakoo ya Dar imepata jina kwao: Carrier Corps, wazee wakalitamka hivyo.

Karatasi zilifuata baadaye. 1919 Versailles, Mjerumani akanyang'anywa makoloni. 1920 tukaitwa Tanganyika. 1922 Shirikisho la Mataifa likampitisha Mwingereza. Rwanda na Burundi kachukua Mbelgiji. Mluguru hakuulizwa popote. Kodi ya kibanda ya Mjerumani? Mwingereza aliendelea nayo, ila sasa ulilipa kwa shilingi badala ya rupia.